Sola Inayoviringishwa Kama Mkeka

Wengi wetu tumekwisha kuiona sola ya kioo juu ya mapaa. Ni nzito, na ikianguka inapasuka. Lakini iko sola nyingine. Hiyo ni nyembamba na laini. Unaiviringisha kama mkeka, unaitia kwapani, unakwenda zako. Je, tununue ipi? Hebu tutazame kwanza zinavyofanya kazi.

Umeme unatoka wapi?

Ndani ya sola ya kioo mna vipande vya silikoni. Silikoni hupatikana kwenye mchanga na mawe. Mwanga wa jua ukiipiga silikoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, umeme unaanza kutembea. Ni mwanga unaofanya kazi, siyo joto. Vipande hivyo ni vikavu kama kigae. Ukivipinda, vinavunjika.

Sola laini ni tofauti. Kiwandani, gesi yenye silikoni huachwa igande juu ya plastiki au bati jembamba sana. Unabaki utando mwembamba. Chukua unywele mmoja, ugawe unene wake mara 100. Utando huo ni kama sehemu moja tu! Ndiyo maana unapindika. Sola ya kwanza ya utando wa namna hii ilitengenezwa Marekani na David Carlson na Christopher Wronski. Habari zake zilitolewa mwaka 1976.

Faida na hasara

Sola laini ni nyepesi. Inafaa kwa mvuvi, mfugaji anayehamahama, na nyumba yenye paa dhaifu. Pia joto kali haliipunguzii nguvu sana kama ile ya kioo.

Lakini wepesi una gharama yake. Sola ya kioo yenye upana wa mita moja kila upande hutoa wati 200 hivi jua la saa sita. Ya utando wa silikoni, kwa ukubwa huo huo, hutoa kama wati 70 tu. Tena utando huo hupungua nguvu miezi ya kwanza juani, halafu hutulia. Na plastiki huchakaa upesi kuliko kioo.

Tupige hesabu

Tuseme sola yako ni ya wati 10, na jua kali ni saa 5 kwa siku.
10 × 5 = 50.
Taa 3 za wati 2 kila moja, zikiwaka saa 5, zinakula 30.
Zinabaki 20. Sehemu inapotea katika betri, na iliyobaki inachaji simu. Vizuri.

Sasa, kama imeandikwa 10 lakini inatoa 6 tu?
6 × 5 = 30.
Betri ikishakula sehemu yake, taa zinazimika mapema. Watoto hawamalizi kusoma, na fedha imekwisha kwenda.

Hayo yalitokea kweli. Katika miaka ya 1990, watu wengi wa vijijini Kenya walinunua sola ndogo za utando zilizowekwa juu ya kioo. Nyingi zilikuwa nzuri. Nyingine zilitoa umeme pungufu ya ulioandikwa. Kwa macho zilifanana, basi mnunuzi angejuaje?

Kabla ya kutoa fedha

Soma maandishi nyuma ya sola. Tafuta wati. Kama hayapo, usinunue.
Uliza: wati hizi ni za siku ya kwanza, au baada ya nguvu kutulia?
Dai hati ya dhamana na risiti, uzisome mwenyewe.
Mwombe muuzaji aipime juani kwa mita, ukiona.

Ukishainunua, iviringishe, lakini usiikunje kama kanga. Ifute vumbi kwa kitambaa laini chenye maji.

Ndugu, kusoma tumejifunza. Tusome basi na mgongo wa sola, kabla hatujafungua mfuko.