Gari la Kufufua Huchaguliwa kwa Mizoga Yake

Kijana wa Fizi akishika fedha kidogo, iwe ya ndagala, ya moto (pikipiki) au ya mchanga wa dhahabu wa Misisi, siku hizi huwaza gari. Si Land Cruiser. Hiyo ni ya mashirika, ya wakubwa wa jeshi, na ya wanasiasa wakati wa kura. Huwaza kigari kidogo kikuukuu kilicholala nyuma ya nyumba ya mtu pale Baraka au Uvira, ambacho mwenyewe amechoka kukitazama. Atakinunua kwa bei ya kutupa, atakifufua taratibu kwa mikono yake akisaidiwa na fundi, na siku moja atakiingiza Kazimia mchana kweupe, watu wakiona. Ndoto hiyo ni halali. Shida ni kwamba swali lake la kwanza huwa la bei, na muuzaji anajua hilo tangu zamani.

Bei ya gari bovu haisemi mengi. Kinachosema ni idadi ya magari ya aina hiyohiyo yaliyokwisha kufa karibu nawe. Gari ambalo mizoga yake imejaa kwenye magaraji kuanzia Bujumbura hadi Uvira lina ghala la vipuri ambalo hukulijenga wewe. Gari lililo peke yake mjini, hata ukipewa bure, ni yatima, na mlezi wake utakuwa wewe.

Mahali penyewe pana sauti katika uchaguzi huu. Kazimia iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Baraka, na ziwa ndilo barabara kuu. Unga, saruji, mabati, samaki na wagonjwa hupanda boti. Njia ya nchi kavu ipo wakati wa kiangazi. Mvua zikikaza, kuwepo kwake ni suala la maoni. Barabara ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu na Uvira ikipita Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, inapendeza zaidi kwenye ramani. Che Guevara alipokuja kuwaunga mkono waasi wa Fizi mwezi Aprili 1965, alivuka kwa boti kutoka Kigoma, na mwezi Novemba akaondoka kwa njia hiyohiyo. Hakuna aliyemshauri atafute gari.

Kwa mwenye gari bovu, maana yake ni kwamba kila kipuri, kuanzia rejeta hadi kikopo cha oili ya breki, kina nauli yake, mpakuzi wake na siku zake za kusubiri upepo utulie. Kipuri cha bei nafuu kinachotafutwa kwa mwezi mzima hakina unafuu wowote.

Ziwa hili, hata hivyo, limeshuhudia kazi ya kufufua mashine iliyo kubwa kuliko gari lolote. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma na kuungwa upya huko. Mwezi Julai 1916, vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mashine yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyohiyo ilikuwa ikirudisha maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Tanzania.

Watu hupenda kuitaja Liemba kama ushahidi kwamba hakuna mashine isiyofufuka. Mimi naona ushahidi wa jambo lingine. Ilifufuka kwa sababu walioilaza waliilaza vizuri, na kwa sababu chombo chenyewe kiliumbwa kije vipandevipande kiungwe na watu walio mbali na kiwanda. Kigari cha nyuma ya nyumba kilicholazwa boneti wazi, mvua ikiingia na kuku wakitagia kiti cha nyuma, hakikupata grisi ya Mjerumani yeyote.

Sasa tuangalie wagombea. Wa kwanza ni Toyota Starlet, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Ni nyepesi, injini yake ni ya lita 1.3, na zile za zamani zina kabureta na delko, vitu ambavyo fundi huvifungua kwa macho na masikio. Wa pili ni Toyota Probox, iliyoingia sokoni mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Huko Japani iliandikwa ibebe watu wawili na kilo 400 za mizigo. Kuanzia Bujumbura hadi bonde la Ruzizi imesomewa maandishi mengine, na abiria wa sita ndiye kwanza huanza kuulizwa kama ana mzigo. Wa tatu ni Suzuki Jimny ndogo ya sisi 660, yenye chesisi ya ngazi na magurudumu manne yanayovuta.

Ukiangalia barabara peke yake, Jimny imeshinda kabla mashindano hayajaanza. Ni ndogo, haiogopi tope, na mahali ambapo Starlet itakaa juu ya tumbo lake Jimny itapita. Lakini uliza ni Jimny ngapi zimekufa Uvira. Ikiwa jibu ni kimya, basi siku giaboksi ya kugawa nguvu itakapolia, utaanza kuandikiana na watu wa Dubai. Jimny inalingana na njia lakini hailingani na soko, na gari bovu huishi sokoni muda mrefu kuliko linavyoishi njiani.

Kwa Probox hesabu inageuka. Injini yake ya lita 1.5, ile yenye alama ya 1NZ, imefungwa pia kwenye Ist, Platz, baadhi ya Funcargo na Corolla za miaka ya 2000. Gari moja lililogongwa nyuma linaweza kuyalisha mengine kwa mbele. Injini hiyo hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kukumbuka kubadilisha. Na vipuri vyake vinajulikana Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura ambako mafundi na wauza vyuma wameishi pamoja miaka mingi, kama vinavyojulikana Gerezani kule Dar es Salaam. Mpaka wa Kavimvira ukifunguka, kipuri kinafika. Ukifungwa, angalau unajua kilipo.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nalo ni la mikono. Mafundi wa Kazimia si wajinga wa injini. Wanafungua mashine za boti za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya esansi. Wanafungua moto, jenereta na vinu vya mazutu vinavyosaga muhogo. Ufundi wote huo ni wa kabureta, plagi na nozeli. Mbele ya injini yenye sensa na kompyuta, fundi hodari wa Yamaha anaweza kubaki akiitazama kama mgeni. Kwa hoja hiyo Starlet ya kabureta ingefaa zaidi, na ukiipata nzima, yenye kila kitu chake, sitakuzuia. Tatizo ni kwamba kila mwaka mizoga ya Starlet inapungua, imeshaliwa. Mkono hufundishika, kipuri kisichokuwepo hakifundishiki kuwepo.

Tena kompyuta ya gari si mzimu. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, Starlet za mwisho zikiwemo, kuna kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Konyezo moja, kituo, konyezo mbili: hiyo ni 12. Namba hiyo ina maana yake kwenye jedwali, na jedwali linaingia kwenye simu ya kawaida kabisa. Kijana anayeweza kusoma namba za nywila za mtandao wa jirani anaweza kusoma hizi.

Siku ya kununua, muuzaji atasema maneno ambayo wauzaji wote wa Kivu wanayajua kwa moyo: “Mukubwa, moteri iko muzima, ni batri tu.” Itikia kwa adabu, kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni uzee, unavumilika. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia ndani, na hapo gasketi ya silinda hedi imekwisha, au hedi yenyewe imepinda. Fungua rejeta ikiwa baridi. Ukikuta utando wa mafuta juu ya maji, ni habari ileile kutoka upande wa pili. Injini ikiwaka, soma moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni esansi iliyozidi, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji tena. Lala chini utazame sakafu na mihimili. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya kutisha mara nyingi haikutoka kwetu; hutoka Japani ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linaweza kukaa miaka mingi Baraka na bado ugonjwa wake ukawa wa Hokkaido.

Kuna gari moja la kukimbia hata bila kulikagua: lile ambalo mtu mwingine alishalifungua. Utaonyeshwa bodi, injini chini ya mwembe, na ndoo ya boliti. Muuzaji ataapa kwamba vyote vimo ndani ya ndoo. Makasha 5,000 ya Papenburg yaliungwa kwa sababu kila kipande kilikuwa na mahali pake kwenye mchoro. Ndoo haina mchoro.

Kuna mambo mengine matatu ambayo hayamo ndani ya boneti. La kwanza ni esansi. Huku hainunuliwi kwenye pampu. Inanunuliwa kwa makadhafi, wauzaji wa kando ya njia, kwa chupa na bido, na imepita mikono mingi kabla ya wako. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Esansi ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kama umeuziwa ziwa utaliona limekaa chini. Kabureta huyasamehe mambo hayo. Nozeli za injini ya kisasa huwa na kinyongo, basi kichujio kiwe kipuri cha kwanza unachonunua.

La pili ni karatasi. Gari lisilo na karte roze, wala ushahidi kwamba lilipita forodha, linaweza kufufuka kimashine na kubaki maiti kisheria, na kila kizuizi kitakukumbusha msiba huo kwa gharama yako. Kuhusu volani kuwa kulia wakati Kongo inaendesha kulia, wenye magari ya Japani wamezoea kumwomba abiria awaangalizie kabla ya kupita lori. Kwenye njia ya Kazimia hali ni ya usawa kamili, maana wote hupita katikati.

La tatu ni vita. Wazee wa Fizi waliovikimbia mwaka 1996 na 1998 walivuka na kile kilichoingia kwenye boti: watoto, sufuria, mashine ya kushona. Gari haliingii. Mali ya kwetu ina sifa moja inayotangulia zote, nayo ni kuweza kuvuka, na gari limenyimwa sifa hiyo. Hapo ndipo gari la kufufua linapokuwa na busara zaidi kidogo kuliko gari zima: fedha huingia kidogokidogo, na siku ikibidi kuondoka, umepoteza kidogo. Tena gari lililo juu ya matofali bila magurudumu halina wa kuliazima kwa bunduki.

Ndiyo maana nasema fedha ya kununulia isizidi theluthi ya ulichonacho. Theluthi ya pili ni ya vipuri, na ya tatu ni ya vipuri ambavyo bado hujui kama vimekufa. Anza na breki, fuata mfumo wa maji, kisha matairi. Wengi huanza na rangi na redio, na matokeo yake ni kwamba wilaya nzima ina magari yanayopendeza sana yakiwa yamesimama.

Kabla ya yote, tembea magarajini Baraka na Uvira kwa miguu yako. Hesabu mizoga. Aina yoyote usiyoikuta walau mara tatu, ifute kwenye orodha hata kama rafiki yako ndiye anayeiuza. Na ukimaliza kuhesabu ukaona hakuna iliyobaki, nunua moto: inapita njia ya Kazimia, kila kijiji kina fundi wake, na ikibidi, inaingia kwenye boti.