Saa ya Doria: Kazi ya Afisa wa Jinsia Anayejitolea Kulinda Amani

Kijiji chenyewe kiko Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sitakitaja jina, kwa usalama wa waliozungumza nami. Kila siku saa tatu asubuhi magari meupe ya walinda amani yalipita kwenye barabara ya sokoni, yakageuzia darajani, yakarudi kambini. Ripoti ikaandikwa: doria imefanyika, hali ni shwari. Kamanda aliridhika, na chifu naye aliridhika.

Siku moja niliketi na akina mama peke yao, bila chifu na bila askari. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akimenya mihogo, akaniambia bila kuinua macho: "Sisi tunatokaka nyumbani saa kumi na moja, mwanangu. Wao wanafikaka jua limeisha kupanda. Sasa wanalinda nani?"

Askari walikuwepo, mafuta ya magari yalikuwepo, barabara ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni swali moja kwa watu wanaoipita barabara hiyo gizani, jembe begani, wakienda shambani na kutafuta kuni. Mwezi uliofuata doria ilihamishiwa alfajiri, na njia yake ikarefushwa hadi yanapoanzia mashamba. Hakuna fedha iliyoongezwa. Iliyobadilika ni saa na urefu wa njia.

Kuuliza swali hilo, na kuhakikisha jibu lake linafika mezani kwa kamanda, ndiyo kazi ya afisa wa masuala ya jinsia katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa. Baadhi ya wanaoifanya ni watu wa kujitolea, na vijana wetu wa Afrika Mashariki huniuliza mara kwa mara kazi hiyo ni ya namna gani. Nitaieleza kama nilivyoifanya.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Watu wengi wakisikia "jinsia" huelewa "wanawake". Jinsia ni namna jamii inavyogawa kazi, mali, sauti na hatari kati ya wanawake na wanaume, wasichana na wavulana. Vita huvizia watu kwa kufuata mgawo huo. Mwanamke hukutwa na hatari kisimani na shambani. Mvulana hukutwa nayo njiani kwenda shule, anapochukuliwa kubebeshwa bunduki. Mwanamume huuawa kizuizini, na wapo wanaume waliobakwa ambao hawajawahi kumwambia mtu. Ulinzi usioujua mgawo huo unafanana na mganga anayetoa dawa moja kwa wagonjwa wote wa wodi.

Kiswahili chenyewe kinatupa somo hapa. Lugha yetu haibagui: mtu ni mtu, na "yeye" anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Ni hazina. Lakini ripoti inapoandika kwamba "wananchi 40 walishauriwa kuhusu usalama", hazina hiyo inageuka pazia. Je, ni wanaume 40? Ni wazee 38 na wanawake wawili waliokaa nyuma kabisa na kunyamaza? Kazi ya kwanza ya afisa wa jinsia kila asubuhi ni kulifunua pazia hilo: kuhesabu, kutenganisha takwimu kwa jinsia na umri, kisha kuuliza nani hakuwepo na kwa nini.

Kazi hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi Mei 2000, mjini Windhoek, Namibia, lilitolewa azimio la kutaka masuala ya jinsia yaingizwe katika kila ujumbe wa kulinda amani. Oktoba 31 mwaka huohuo, Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza la Usalama, likapitishwa Azimio namba 1325, la kwanza la Baraza hilo kuhusu wanawake, amani na usalama. Kabla yake ofisi za namna hii zilikuwa zimeanza kujaribiwa Kosovo na Timor ya Mashariki. Mwaka 2008 Azimio namba 1820 likatamka wazi kwamba ubakaji unaweza kutumiwa kama mbinu ya vita.

Nasi hapa nyumbani tulikuwa na ushahidi wetu. Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha, chini ya Mwalimu Nyerere na baada yake Nelson Mandela, yalikuwa ya wanaume karibu mwanzo hadi mwisho. Julai 2000 wanawake wa Burundi wa pande zote walikutana Arusha, wakaandika mapendekezo yao na kuyafikisha kwa msuluhishi. Mengi yaliingia katika mkataba uliotiwa saini Agosti 28 mwaka huo. Walikuwa wametoka katika kambi zilizokuwa zikiuana, lakini walipokaa pamoja walikuta wanadai mambo yaleyale: ardhi, urithi, shule za mabinti, na ulinzi wa wakimbizi wanaorudi.

Sasa tuje kwenye kujitolea. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa watu wa kujitolea, ulioanzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970. Tangu 1996 makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Mpango huo hupeleka watu katika mashirika ya kibinadamu, katika ofisi za maendeleo na katika operesheni za ulinzi wa amani. Anayejitolea halipwi mshahara. Hupewa posho ya kujikimu, bima ya matibabu na ya maisha, na siku za likizo. Posho hiyo inatosha kuishi kwa heshima, lakini anayetafuta utajiri atafute mlango mwingine.

Na hatari ni ya kweli. Mwaka 1993 huko Kambodia, kijana wa Kijapani aliyeitwa Atsuhito Nakata, msimamizi wa uchaguzi wa kujitolea, aliuawa akiwa kazini. Baba yake, Takehito, alitumia miaka mingi baada ya hapo akiwa balozi wa heshima wa mpango huohuo uliompeleka mwanawe, akihimiza watu wajitolee. Kila kijana anayeniuliza kuhusu kazi hii mimi humsimulia kisa hicho kabla sijamweleza namna ya kuomba. Ajue anaomba nini.

Siku ya kazi huanza na mkutano wa asubuhi wa taarifa za usalama. Afisa wa jinsia husikiliza pamoja na wanajeshi, polisi na maafisa wa raia: wapi kumesikika risasi, barabara ipi imefungwa. Wengine wakiondoka na ramani, yeye huondoka na maswali. Soko lililofungwa ni la nani? Kama akina mama hawauzi leo, watoto watakula nini kesho? Baadaye huenda uwanjani na kikosi chenye wanajeshi wa kike na wa kiume, kwa sababu katika vijiji vingi mwanamke hawezi kumsogelea askari mwanamume mbele ya watu. Jioni huandika ripoti, na kabla ya kulala huitikia redioni kuthibitisha kwamba yuko salama.

Wanawake wenye sare bado ni wachache. Mwaka 1993 walikuwa asilimia 1 tu ya askari na polisi wote wa kulinda amani. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kufikia asilimia 15 katika vikosi vya kijeshi ifikapo 2028. Uchache wao haujafunika kazi yao. Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya alitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mtetezi wa jinsia wa kijeshi kwa kazi yake Darfur mwaka 2020. Meja Radhika Sen wa India naye alipata tuzo hiyo kwa kazi aliyoifanya Kivu ya Kaskazini.

Lipo jambo ambalo afisa mpya hulikosea kwa wema wake. Anakutana na mwanamke aliyebakwa, moyo unamuuma, anafungua daftari na kuanza kuuliza. Asifanye hivyo. Yeye si mpelelezi, wala si tabibu. Wanawake wengi hata neno lenyewe hawalitamki. Watakwambia "waliniharibu" kisha wanyamaze, na ukimya huo uheshimiwe. Kazi yake ni kujua, kabla ya siku hiyo kufika, kituo kipi cha afya kina dawa na nani anaweza kumsindikiza mgonjwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba zinafaa kutumika ndani ya siku tano. Afisa anayezijua saa hizo na barabara ya kwenda zahanati amefanya kazi kubwa kuliko aliyejaza kurasa kumi za masimulizi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, imetuonyesha kwamba matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kisheria hufaa zaidi vikikaa chini ya paa moja.

Upande mwingine wa kazi unauma zaidi, nao ni kuitazama nyumba yako mwenyewe. Mwaka 2004 ziliibuka tuhuma nzito Bunia kwamba baadhi ya walinda amani waliwatumia kingono wasichana na wanawake maskini. Ripoti ya Mwanamfalme Zeid wa Jordan mwaka 2005 iliulazimisha Umoja wa Mataifa kujikagua. Kanuni zilikuwepo tangu 2003: hakuna ngono na aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inaruhusu, na hakuna ngono ya kubadilishana kwa fedha, chakula au ajira. Afisa wa jinsia huzifundisha kanuni hizo kwa kila kikosi kinachoingia, na huwaeleza wanakijiji pa kupeleka malalamiko. Anayeona aibu kuwakumbusha wenzake amri hizo hataweza kumfundisha chifu lolote.

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapokuwa na deni la pekee. Mashariki ya Kongo, kuanzia Bunia hadi Bukavu na Lubumbashi, Kiswahili ni lugha ya soko na kanisa. Mkalimani mzuri ni msaada, lakini mkalimani mara nyingi ni mwanamume, mara nyingine ni jamaa ya mtu fulani kijijini, na mwanamke hupima maneno yake mbele ya mtu kama huyo. Ukimsalimia mwenyewe, ukaketi, ukasaidia kuchambua sombe, yaani majani ya muhogo, atasema. Lakini nenda na masikio ya mgeni, maana Kiswahili chao kina mapito yake. Mwanamke akikwambia alishambuliwa alipokwenda kuuza makala, anazungumzia mkaa wa kupikia. Usimsahihishe. Jifunze kwake.

Nani anafaa? Shahada ya sosholojia, sheria, maendeleo au masomo ya jinsia husaidia, pamoja na uzoefu wa kufanya kazi na jamii. Kwa Kongo, Kifaransa ni cha lazima kwa nafasi nyingi. Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa una nafasi kwa vijana wa miaka 18 hadi 26, na nyingine kwa wataalamu wa miaka 27 na kuendelea, na maombi hupitia mtandao wake rasmi. Mafunzo ya awali yanapatikana karibu: kipo kituo cha kimataifa cha mafunzo ya ulinzi wa amani Karen, Nairobi, na chuo cha amani Musanze, Rwanda. Aliyewahi kuendesha kikundi cha kuweka akiba cha akina mama, au kusimamia kesi za mirathi katika ofisi ya msaada wa sheria, asijidharau. Huko ndiko kulikonifundisha kukaa kimya wakati mwingine anazungumza.

Na tahadhari: Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuomba nafasi. Yeyote anayekudai fedha ya fomu, ya usaili au ya viza kwa ahadi ya kazi hii ni tapeli.

Ujumbe wa kulinda amani haudumu milele. Ule wa Kongo uliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024, na mapema 2025 Goma na Bukavu zikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Yaliyojengwa kwa miaka mingi yanaweza kubomoka kwa wiki chache, na sitamdanganya msomaji kwamba afisa wa jinsia anazuia vita. Ila katika kijiji kile cha Ituri, akina mama walikuwa wameunda kamati yao ya ulinzi kabla sijaondoka. Walipangiana zamu za kwenda kisimani, na mama yule wa mihogo ndiye aliyeshika simu ya kutoa taarifa.

Kama unasoma haya na una moyo wa kwenda, nenda. Ukifika, kabla hujafungua kompyuta, kawaulize akina mama wanatoka nyumbani saa ngapi.