Ugomvi wa Mtoto Hupimwaje?

Mimi hufundisha shule ya msingi hapa Kakamega, na mzazi akiniambia "mwalimu, huyu mtoto ni mkali," humuuliza: amefanya nini, kwa nani, mara ngapi? Wanasaikolojia nao huanzia hapo.

Wengine hutumia dodoso. Lile la Buss na Perry, la mwaka 1992, lina kauli 29. Mtu hujipa alama 1 hadi 5 kuhusu kupigana, kugombana kwa maneno, hasira na kinyongo. Lakini ni wangapi watakiri kwamba hupiga wenzao?

Mimi naamini zaidi macho yenye subira. Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikwenda Oyugis, kusini mwetu, akawatazama wavulana wa Kijaluo katika shughuli zao za kila siku na kuandika walivyotendeana. Matokeo yalichapishwa 1973: wavulana waliofanya kazi nyingi za ndani ya nyumba, zile zilizohesabiwa kuwa za wasichana, walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wasiozifanya.

Wazazi wa Shinyalu na Lurambi, kabla ya kumwita mtoto mkorofi, mtazameni wiki nzima, mwandike mnachokiona. Na mvulana naye apewe sufuria aoshe.