Kiapo cha Video Kati ya Kaikor na Lodwar

Hati ya kiapo nchini Kenya huapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Mkazi wa Kaikor, Turkana Kaskazini, ambaye jina lake la kitambulisho halilingani na la cheti cha kuzaliwa, huanzia kwa chifu. Barua ya chifu humtambulisha tu. Kuapa kwenyewe humpeleka Lodwar au Kakuma, zilipo mahakama, na laga (mito ya msimu) zikijaa maji safari hukwama njiani.

Simu ya video ingempunguzia gharama hiyo. Kikwazo kimo katika Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 15. Kifungu cha 5 kinamtaka kamishna aandike kwa ukweli tarehe ya kiapo na mahali kilipoapwa. Mwapaji akiwa Kaikor na wakili akiwa Lodwar, paandikwe wapi? Sheria hiyo, kongwe kuliko intaneti, haisemi.

Marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yaliipa nguvu saini ya kielektroniki, hata kwenye nyaraka za ardhi, na mwaka huohuo kesi nyingi zikasikilizwa kwa video. Wengi wakadhani viapo navyo vimehamia mtandaoni. Dhana hiyo ina hatari, maana kamishna hashuhudii saini peke yake. Anapaswa kuridhika kwamba aliye mbele yake ndiye mwenye kitambulisho, kwamba ameelewa hati (mara nyingi ya Kiingereza, ilhali mwapaji huzungumza Kiturkana), na kwamba hakuna anayemshurutisha. Nyuma ya kamera panaweza kusimama yeyote.

Jimbo la Virginia, Marekani, lililoruhusu uthibitishaji wa nyaraka kwa video tangu 2012, lilitatua suala la mahali moja kwa moja: tendo huhesabiwa limefanyika jimboni humo, alipo mthibitishaji, na rekodi ya video huhifadhiwa.

Kwa nyaraka zinazokwenda ng'ambo, kama zile za wakimbizi wa Kakuma wenye jamaa ughaibuni, hutafutwa notari, wakili anayeteuliwa na Jaji Mkuu chini ya Sura ya 17 ya Sheria za Kenya. Hapo hata Kenya ikikubali video, nchi inayopokea hati nayo ina kauli yake.

Kwa njia ya video, wosia wa maandishi una sharti gumu zaidi: Sheria ya Urithi inadai mashahidi wawili au zaidi, na kila mmoja atie saini mwenye wosia akiwepo.