Risasi za bei nafuu: Hesabu ya mkulima na kifaa cha .22

WAFANYABIASHARA wa Kariakoo wanajua faida ya kufunga kifaa kimoja ili mashine itumie kitu cha bei nafuu. Magari ya petroli jijini Dar es Salaam hufungwa mitungi ya gesi asilia kwa sababu hiyo hiyo. Katika bunduki nako kuna kifaa cha namna hiyo, lakini mkulima anayelinda shamba hana budi kupiga hesabu kabla ya kuvutiwa na bei ya risasi.

Bunduki nyingi zinazojijaza zenyewe hutumia risasi ya .223, ambayo fataki yake iko katikati ya kitako. Risasi ya .22 ni ndogo na kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako. Kwa kuwa vichwa vya risasi hizo vina kipenyo karibu sawa, kama milimita 5.6, mtutu haubadilishwi. Hubadilishwa bolti na magazini tu, na bunduki ikafyatua risasi ndogo.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa karne ya 19, jeshi la Uingereza lilitumia mrija wa Morris ndani ya bunduki za Martini-Henry ili askari wajifunze kulenga kwa risasi ndogo na gharama ndogo.

Je, kifaa hiki kinalipa? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kifaa kikigharimu sh 600,000, risasi kubwa sh 3,000 na ndogo sh 1,000, mwenye bunduki ataokoa sh 2,000 kwa kila risasi. Atalazimika kufyatua risasi 300 ndipo arudishe fedha yake. Mpiga shabaha wa michezo huzimaliza mapema. Mkulima anayefyatua risasi 10 kwa msimu atahitaji misimu 30.

Tena risasi hiyo haimfai kwa kazi yake. Nguvu ya .22 ni takriban jouli 190, wakati .223 hufikia kama 1,700. Nguruwe pori mkubwa ana kilo 60 na zaidi. Akipigwa kwa risasi ndogo hukimbia na jeraha, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari.

Hatari hiyo si ya kupuuzwa mikoa ya Pwani na Lindi, ambako wakulima hulala kwenye madungu kulinda mazao. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na kwamba nguruwe pori ndio huwavuta simba hadi mashambani.

Kwa mlinzi wa duka au ghala katikati ya jiji, suala hili halipo kabisa. Wengi wao hubeba shotgun, na kifaa cha .223 hakiingii humo. Aidha, risasi ndogo za risasi tupu huacha masizi na uchafu katika njia ya gesi ya bunduki, na usafi wake nao ni gharama.

Vilevile, hiki si kipuri cha kuulizia mtaa wa Msimbazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali cha kumiliki silaha na risasi, na biashara yake ni ya wenye leseni pekee. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima. Anayetaka kubadili aina ya risasi aanzie polisi, si dukani.

Kwa mkulima, sh 600,000 hizo zina kazi nyingine: uzio, mtaro kuzunguka shamba na posho ya walinzi wa zamu. Hivyo humzuia nguruwe kabla hajaingia shambani, na gunia lililookolewa ndilo linalofika sokoni Kariakoo.