Au pair Ujerumani: Kabla ya kuuliza posho, uliza Kijerumani

Binti anapopata familia ya kuishi nayo Berlin kama au pair, swali la kwanza la wazazi huwa ni atalipwa kiasi gani. Atapewa euro 280 kwa mwezi. Ukizigeuza kuwa shilingi za Kenya zinapita 40,000, na hapo wengi huanza kupanga karo ya mdogo wake. Nawasihi wasubiri, kwa sababu faida ya mwaka huo haimo kwenye posho.

Kwa sheria ya Ujerumani, au pair ni mgeni wa familia aliyekuja kujifunza lugha na maisha ya nchi, naye husaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani. Anayetoka kwetu lazima awe ametimiza miaka 18, awe hajafikisha 27 anapoomba viza, na awe na Kijerumani cha kiwango cha mwanzo, A1. Atakaa kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, haurudiwi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ujerumani imeweka wazi jembe hilo lishikwe kwa muda gani: saa 30 kwa wiki, na zisizidi sita kwa siku, zikiwemo zile za usiku anapobaki na watoto wazazi wakiwa wametoka. Kila wiki ana siku moja na nusu ya kupumzika na jioni nne zisizo na kazi, na angalau Jumapili moja kwa mwezi ni yake. Anayekaa mwaka mzima hupata likizo ya wiki nne, posho ikiendelea. Familia humpa chumba chake mwenyewe na chakula, na humlipia bima. Kumpeleka mtoto chekechea, kumpikia na kumfulia ni sehemu ya makubaliano. Kumuuguza bibi wa nyumba hiyo au kusafisha ofisi ya baba hakumo.

Nasisitiza saa kwa sababu ya malezi yetu. Wengi tumekua tukimwona dada wa kazi akiamka wa kwanza na kulala wa mwisho, tukaona ndivyo ilivyo. Kijana akisafiri na picha hiyo kichwani, huona aibu kusema kwamba saa zake zimeisha. Aziandike kila siku kwenye daftari. Familia yenye nia njema haitachukia, na isiyo na nia njema itajulikana mapema.

Sasa turudi kwenye posho. Tiketi ya mwezi inayotumika kwenye treni za mijini na mabasi ya nchi nzima ilianza mwaka 2023 kwa euro 49, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Familia isipomlipia, zaidi ya moja ya tano ya posho imekwenda kwenye nauli kabla hajanunua vocha wala koti la baridi. Haya yaulizwe kabla ya kusaini mkataba. Na wazazi wajue tangu mwanzo kwamba mwaka huu si wa kutumiwa pesa, ili binti asije akaanza kufanya vibarua vya siri ambavyo kibali chake hakiviruhusu.

Kilicho na thamani ni lugha, nayo ina hesabu yake. Kozi ya serikali inayowafikisha wahamiaji kiwango cha B1 kutoka sifuri ina vipindi 600 vya dakika 45. Aliyefika na A1 tuseme amemaliza theluthi, bado vipindi 400. Akisoma jioni mbili kwa wiki, vipindi vinne kila jioni, kwa wiki 40, atapata 320. Familia huchangia kozi euro 70 kwa mwezi, na vyuo vya umma vya Volkshochschule, ambavyo kila wilaya ya Berlin ina chake, kwa kawaida ni nafuu kuliko shule binafsi. Vipindi 80 vinavyobaki atavipata mezani, jikoni na njiani na watoto. Ndiyo maana sheria inataka Kijerumani kiwe lugha ya nyumba hiyo. Ziko familia zinazotaka kijana azungumze Kiingereza na watoto wao ili wao ndio wajifunze. Akikubali hilo kutwa nzima, ametoa bure kile alichokifuata.

Kuhusu madalali, Ujerumani iliondoa sharti la leseni kwa mawakala wa au pair mwaka 2002, kwa hiyo yeyote anaweza kujiita wakala. Hata hivyo wakala wa huko haruhusiwi kumtoza kijana zaidi ya euro 150. Kipimeni kwa kiwango hicho kila mnachodaiwa Nairobi au Dar es Salaam.

Mambo yakiharibika, mkataba huvunjwa kwa notisi ya wiki mbili, na kijana anaweza kutafuta familia nyingine kwa muda uliobaki, mradi aiarifu ofisi ya uhamiaji. Akitishwa au kuguswa vibaya, asingoje notisi: aondoke. Polisi ni 110, na namba 116 016 huwasaidia wanawake bure, usiku na mchana, kwa lugha kadhaa. Pasipoti akae nayo mwenyewe.

Mwezi wake wa sita huko usimpite bila uamuzi. Anayetaka kubaki kwa mafunzo ya kazi, Ausbildung, kama ya uuguzi ambayo huchukua miaka mitatu na mwanafunzi hulipwa, kwa kawaida hudaiwa B1, na waajiri wengi wa uuguzi hutaka B2. Maombi yaingie kabla kibali hakijaisha. Basi binti akiwa na familia mbili za kuchagua, moja yenye nyumba kubwa na nyingine inayoandika kwenye mkataba siku na saa za darasa lake, mshaurini achukue ya pili.