Windows Ibaki, Linux Iingie

Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu Kisauni, Changamwe na Likoni ni zile tunazoziita ex-UK: zimefanya kazi maofisini ng'ambo miaka kadhaa, kisha zikaletwa Mombasa. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Ni mashine ngumu, zinastahimili. Lakini zote tatu zina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11, kwa jumla, huanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu wa kawaida anayejiandikisha huongezewa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, basi.

Wako mafundi watakaokushauri ufute Windows, uweke Linux. Mimi sikubaliani nao, angalau si siku ya kwanza. Mwanafunzi wa AutoCAD, mwenye duka anayeweka hesabu kwenye QuickBooks ya kompyuta, karani mwenye fomu za Excel zilizojaa makro, hawa programu zao haziendi kwenye Linux, au huenda kwa taabu. Mifumo miwili ikikaa kwenye diski moja, ukachagua mmoja kila unapowasha, unahama polepole bila kupoteza kazi. Benki na barua pepe zifanyie Linux. Windows ifungue kwa ile kazi yake tu.

Kinachowatisha watu ni kule kusakinisha, na kusakinisha ndiyo sehemu nyepesi. Data hupotea kwa sababu ya mambo ambayo hayakufanywa kabla, nayo yote hufanyika ukiwa bado ndani ya Windows.

Nakili faili zako kwanza kwenye diski ya nje. Usiziweke kwenye flashi utakayoandikia Linux, maana hiyo itafutwa yote. Halafu angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, ukigusa mpangilio wa kuwaka, mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na kwa laptopu ya mtumba ufunguo huo huenda uko kwenye akaunti ya aliyekuuzia, si yako. Izime BitLocker mapema, usubiri imalize kufungua diski.

Hapo hapo andika powercfg /batteryreport. Utapata ripoti inayoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo imebaki na kiasi gani. Usilichukulie hili kama jambo dogo. Kupunguza sehemu ya diski ni kuhamisha data kutoka pahali hadi pengine, na stima huku kwetu hukatika bila hodi. Ikikatika katikati ya kazi, na betri haishiki hata dakika kumi, picha na vyeti vyako vinaweza kuharibika pasiwe na wa kuvirudisha. Betri ikiwa imechoka, azima nyingine au kafanyie kazi hii penye UPS.

Zima pia Fast Startup kwenye Power Options. Ikiwa imewashwa, Windows huwa haizimiki kabisa, huhifadhi hali yake kwenye diski na kulala, na Linux ikiikuta hivyo haitaandika kitu kwenye sehemu hiyo. Kisha ingia Disk Management, bonyeza C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Shrink Volume. Kwa diski ya GB 256, GB 60 zinatosha kuanzia. Nafasi hiyo iache wazi, usiifomati. Punguza kwa kutumia Windows yenyewe, kwani ndiyo inayojua faili zake zilipo.

Kwa Linux yenyewe mimi humpa anayeanza Linux Mint. Faili lake ni kama GB 3, na Ubuntu ya sasa ni karibu mara mbili ya hapo. Kwa anayenunua bando, tofauti hiyo ni pesa. Mwenye RAM ya GB 4 achukue toleo la Xfce. Ukinakiliwa faili hilo na rafiki, lipime kwa certutil -hashfile, uongeze jina la faili na neno SHA256, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint.

Andika flashi kwa programu ya Rufus, washa mashine huku ukigonga F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo. Linux itafunguka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kibodi. Ukiridhika, anza kusakinisha na uchague Install alongside. Usipoliona chaguo hilo, simama. Usibonyeze Erase disk kwa matumaini. Kwenye Dell mara nyingi sababu ni diski kuwekwa RAID badala ya AHCI. Kabla ya kubadilisha kwenye BIOS, iandae Windows iwake kwa Safe Mode, la sivyo itagoma kuwaka.

Baada ya hapo utaona saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu: saa nne asubuhi inasomeka saa moja. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.

Flashi usiifute. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilizifanya mashine nyingi zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, na mara nyingine sasisho hurudisha Windows mbele kwenye orodha ya kuwaka. Mara nyingi dawa ni kuingia BIOS na kupanga upya. Isipofaa, flashi ile ile ndiyo utakayowakia ili urekebishe.